Umdai tajiri wa kijana au aliyetengeneza kitu? Njia mbili za kudai fidia, na ipi inakufaa

Assalam alaykum ndugu zangu. Jirani yetu mmoja huku Wete, Pemba, bi mkubwa anaekaanga bajia na kachori za urojo barazani kwake, aliungua mkono wa kulia kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Gesi ilimkatikia alasiri, mumewe akapiga simu dukani akalipa kwa simu hapo hapo, mtungi na regyuleta mpya mana ile ya zamani ilikuwa ishachoka, na baada ya nusu saa kijana wa duka akaja na honda kafunga mtungi nyuma. Kijana mwenyewe ndo aliefunga ile regyuleta. Bi mkubwa akamwambia "mwanangu mbona nasikia harufu", kijana akajibu "ya mwanzo tu hiyo bibi, itaondoka sasa ivi", akapanda honda akenda zake. Bi mkubwa akasubiri kidogo, akapiga kibiriti.

Mie ni msaidizi wa sheria, wakili siye, kazi yangu kuwasikiliza watu na kuwaonesha mlango wa kugonga. Siku ya tatu mumewe alikuja kwangu na suala moja tu: tumshitaki nani? Kijana hana kitu, hata ile honda si yake. Mwenye duka siku ile alikuwa Unguja, hajagusa mtungi wala regyuleta. Regyuleta kwenye boksi lake imeandikwa imetengenezwa China. Na gesi yenyewe imejazwa na kampuni kule bara, ikavuka bahari ndo ikafika kwetu.

Hapo pana njia mbili kubwa na watu wengi wanazichanganya, wanakwenda mahkamani na ushahidi wa njia hii huku madai yao ni ya njia ile. Nitaziweka ubavu kwa ubavu kwa kisa hichi hichi cha bi mkubwa, mana ndo kisa kinachozigusa zote mbili.

Ya kwanza ni dhima ya tajiri, yaani mwajiri, kwa kosa la mtu wake. Kijana kakosea akiwa kazini, basi anaelipa ni aliemtuma. Hapa tajiri mwenyewe hata kama hana kosa lolote, alikuwa kalala kwake, alikuwa Makka anahiji, bado anabeba, kwa sababu kazi ni yake na faida ya kazi inaingia mfukoni mwake. Ya pili ni dhima ya bidhaa, yaani kitu chenyewe kimetoka kiwandani kibovu kikakuumiza, na unaemdai ni aliekitengeneza kwa uzembe wake yeye mwenyewe. Kwa hiyo suala la mwanzo kabisa kujiuliza: nimeumizwa na mkono wa mtu au na kitu?

Tuanze na mkono. Njia hii inakutaka uthibitishe mambo matatu, na yakipungua moja imekwisha. Kwamba kijana alifanya uzembe kweli, kwamba ni mtu wa tajiri na si fundi wa kujitegemea, na kwamba lile kosa alilifanya ndani ya kazi yake. La kwanza kwa bi mkubwa lilikuwa jepesi, harufu iliambiwa akaipuuza, na majirani wawili waliokuja kununua bajia walisikia maneno yale kwa masikio yao. Kulikuwa na haja gani ya kuwa mtaalamu wa gesi kujua kama hapo alitakiwa afungue, atizame, apake povu la sabuni?

La pili ndo wenye maduka na wenye magari wanapenda kukimbilia, "yule si mfanyakazi wangu, anakuja tu kuchukua mzigo ananipa hesabu". Hii hesabu jamani inatuponza sana. Daladala karibu zote zinakwenda kwa hesabu, dereva anampa tajiri kiwango cha siku, kinachobaki chake, mkataba wa maandishi hamna, mshahara hamna, basi tajiri anadhani ndo kashajitoa. Mahkama haitizami jina mlilopeana, inatizama uhalisia, nani anaamua njia, nani ana uwezo wa kumfukuza, chombo cha nani, kazi hii ni sehemu ya biashara ya nani. Kijana wetu alikuwa anavaa fulana ya duka, simu ilipigwa kwa duka, pesa ziliingia kwenye namba ya duka, na honda ni ya duka. Sioni wapi pa kumwita mtu wa kujitegemea. Ni tofauti na umemwita fundi bomba mwenye vifaa vyake na wateja wake mtaa mzima, akiharibu kwa jirani yako kwa kawaida unadaiwa si wewe, anadaiwa yeye.

La tatu, kuwa kazini, ndo lenye kesi tamu na nyingi. Sheria yetu ya madai kwa sehemu kubwa imerithiwa kwa Muingereza tangu enzi za himaya, kwa hiyo hukumu za kwao mawakili wetu bado wanazitaja kama mwongozo. Mwaka 1862 kampuni moja ya mabasi ya farasi ya London ilikuwa imewapa madereva wake kadi kabisa zimeandikwa wasishindane wala wasizuie basi la mwenzao, dereva akamzuia mwenzake akaangusha basi la watu, na kampuni ikalipa, mana alichokifanya ni ile ile kazi ya kuendesha, ila kaifanya vibaya. Tajiri kusema "nilimkataza" peke yake hakumtoi. Mwaka 1942 dereva wa lori la petroli alikuwa anamimina petroli kwenye tangi la kituo, akawasha sigara, akatupa kibiriti chini. Kuvuta sigara si kazi ya tajiri, lakini kumimina petroli ni kazi yake, na kaifanya kizembe, tajiri akabeba. Hii niliposimulia kwa bi mkubwa alicheka mpaka akashika mkono wake wenye bandeji.

Upande wa pili kuna ile ya 1869, dereva wa mfanyabiashara wa mvinyo alitumwa kupeleka mzigo, wakati wa kurudi akashawishiwa na karani wakenda njia nyengine kabisa kwa shughuli ya yule karani, wakagonga mtu. Tajiri hakulipa, mana pale dereva alishaiacha safari ya tajiri akaanza safari yake. Kwa hiyo kijana wa honda angelimgonga mtu Konde wakati mzigo ulikuwa wa Wete na Konde kaenda kumtizama mchumba wake, hapo duka lina pa kuponea. Lakini kupinda kidogo njiani kununua maji, hapana, hiyo bado safari ya kazi.

Na deiwaka je? Dereva kachoka kampa usukani rafiki yake bila tajiri kujua, gari ikagonga. Watu wananambia "hapo tajiri huru". Si rahisi hivo. Uingereza mwaka 1963 kulikuwa na dereva wa lori aliekatazwa kabisa asimpe mtu mwengine gari, akampa, mtu akaumia, na tajiri akalipa, kwa sababu kumwachia asiejua ndo uzembe wa dereva mwenyewe katika kazi yake ya kulilinda lile gari. Hata serikali haiponi kwa njia hii, mahkama ya rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1967 iliamua kesi ya Muwonge kutoka Uganda, polisi alipiga risasi ovyo wakati wa ghasia akaua baba wa mtu, na serikali ikabebeshwa, ijapokuwa alichofanya polisi kilikuwa nje ya mipaka. Ila kuidai serikali kuna utaratibu wake wa notisi kabla ya kesi, usiende kichwa kichwa.

Sasa njia ya kitu. Hii historia yake inaanza na chupa. Mwaka 1928 kule Paisley, Scotland, Bi Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake kwenye mkahawa, chupa ya rangi haionekani ndani, alipokunywa nusu ikamiminwa iliyobaki wakasema katoka konokono alieoza. Akaumwa tumbo. Kumdai mwenye mkahawa hawezi, mana hakununua yeye, kanunua rafiki yake. Kabla ya hapo jibu la sheria lilikuwa kama hujanunua huna mkataba, huna kesi. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza, watatu kwa wawili, wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana, iwapo kitu kinamfikia vile vile kilivotoka na hapakuwa na nafasi ya mtu kukikagua njiani. Miaka mitatu mbele, 1935, bwana mmoja Australia akashinda kwa njia hiyo hiyo kwa nguo za ndani za sufi zilizobakishwa dawa ya kiwandani zikamtoa ngozi.

Angalieni lakini yale maneno, "vile vile kilivotoka". Hapo ndo njia hii inapokuwa nyembamba kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1936 Uingereza mtu mwengine alishindwa. Kioo cha mbele cha gari yake kilipasuka chenyewe baada ya mwaka hivi, akamdai aliekitengeneza, mahkama ikasema kioo kimefungwa na watu wengine, inawezekana kiliumizwa wakati wa kufungwa, kasoro ya kiwandani haijathibitika. Turudi Wete sasa. Regyuleta ya bi mkubwa ilifungwa na kijana. Mtengenezaji kule China hata angelifikishwa mahkamani Pemba, na hilo lenyewe ni mtihani wa gharama na miaka, jibu lake la mwanzo lingekuwa hilo hilo la kioo: muulizeni aliefunga.

Kwa hiyo kwenye njia ya bidhaa unathibitisha kuwa kitu kina kasoro, kuwa kasoro ilikuwepo kilipotoka mikononi mwa mtengenezaji, kuwa hakuwa muangalifu, na kuwa ndiyo iliyokuumiza na si kitu chengine. Kwenye njia ya tajiri mashahidi wa macho na masikio wanatosha mara nyingi. Kwenye njia ya bidhaa shahidi mkubwa ni kitu chenyewe, pamoja na mtu anaejua kukipima.

Na hapa ndo roho inaniuma. Siku ya pili ya ajali shemegi yake bi mkubwa, kwa nia njema kabisa, aliichukua ile regyuleta akairudisha dukani akagombana nao, wakampa mpya, akashukuru akarudi nyumbani. Ile iliyoungua haikuonekana tena. Kama ule mpira mdogo wa duara ndani ulikuwa umepasuka tangu kiwandani au kijana aliupindisha wakati wa kufunga, hakuna anaejua mpaka leo na hatojua mtu. Nawaombeni, kitu kikikuumizeni msikirudishe, msikioshe, msikitengeneze. Kiwekeni kwenye mfuko pamoja na boksi lake na risiti, pigeni picha, namba zilizoandikwa ubavuni zinukuliwe, kisha ndo muende mnakokwenda. Dukani pelekeni picha tu. Taasisi ya Viwango, ZBS, kazi yao ni viwango vya bidhaa, na kama ni chakula, dawa au vipodozi wako ZFDA, wakala wa chakula na dawa, lakini hakuna wa kukupimia kitu kisichokuwepo.

Kuna wanaosoma mitandaoni kuwa mtengenezaji analipa tu hata kama hakuzembea. Hiyo ipo, California mwaka 1963 mahkama iliamua hivo kwa mtu aliepigwa na kipande cha mbao kutoka kwenye mashine ya useremala aliyonunuliwa na mkewe, Ulaya wakaandika mwongozo wao 1985 na Uingereza sheria yao 1987. Ni sheria za kwao. Zile hukumu za zamani nilizozitaja zimesimama juu ya uzembe, na huku kwetu ukijipanga jipange kuuthibitisha. Zanzibar tuna sheria yetu ya 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na malalamiko ya bidhaa mbovu unaweza ukayapeleka ZFCC, tume ya ushindani halali wa biashara, nami nawashauri mfanye hivo hata kama mnapanga kesi.

Katikati ya njia hizi mbili kuna kichochoro ambacho watu wanakipita bila kukiona, nacho ni mkataba wa kununua. Aliekuuzia kitu anabeba ahadi kwamba kitu kinafaa kwa kazi yake, na hapa uzembe hauulizwi, hata kama hakujua wala asingeliweza kujua. Ila ahadi hiyo ni kwa mnunuzi tu. Mwaka 1938 huko Uingereza mume alinunua chupa ya limonadi baa, akanywa yeye na mkewe, ndani mna asidi ya kusafishia. Mume akalipwa na muuzaji ambae hakuwa na kosa lolote, na kiwanda kikaponea mana kilionesha utaratibu wake wa kuosha chupa ni mzuri. Mke hakupata kitu, hakununua yeye na kiwanda hakikuonekana kuzembea. Mie nikisoma kesi hii naona dhulma, lakini ndo ilivyo, na imetufika vile vile mlangoni, mana kwa bi mkubwa alienunua ni mumewe, kwa simu yake, na alieungua ni mke. Kama mnanunua kitu cha kazi ya mtu fulani, bora risiti ikatwe kwa jina lake.

Basi ipi ya kushika? Mie kwa kesi nyingi za huku kwetu nasema anza na tajiri. Umegongwa na daladala, umeumizwa na boti ya kubebea wageni, nesi kakudunga dawa siyo, utingo kakuangusha kabla gari haijasimama, hizo zote ni mkono wa mtu na tajiri yupo hapa hapa kisiwani, anajulikana na sheha, mkuu wa mtaa, anamjua. Gari nayo inatakiwa na sheria iwe na bima ya mtu wa tatu, kwa hiyo pesa zina pa kutoka hata kama tajiri mwenyewe kafilisika, chukua namba ya gari na picha ya stika ya bima siku ile ile. Honda nyingi za mizigo hapo ndo zinapopwaya.

Njia ya bidhaa ishike pale ambapo hakuna mkono wa mtu katikati. Krimu ya uso iliyokuja imefungwa ikakuchoma, dawa, maziwa ya kopo ya mtoto, chaja iliyoripuka ukutani peke yake, chupa ya soda. Na ukiishika mtafute alie karibu kwenye mnyororo, alieiingiza nchini au aliejaza, kabla ya kuiwaza Guangzhou kule China.

Ukiwa na wasiwasi kama ni mkono au ni kitu, huna haja ya kuchagua siku ya kwanza. Wote wawili wanaingia kwenye kesi moja, na hapo utaona wenyewe wanavotupiana mpira, duka linasema regyuleta mbovu, alieiingiza anasema imefungwa vibaya, na kila mmoja akimtia mwenzake hatiani anakusaidia wewe. Lakini hilo linataka ushahidi wa pande zote uwepo.

Mambo mawili ya pembeni kabla sijasahau. Kesi ya polisi si kesi ya fidia, dereva akipigwa faini au akafungwa pesa zile si zako, fidia unafungua mwenyewe madai. Na kwa kadhi si pake hapa, kule ni ndoa, talaka, mirathi, hivo usipoteze miezi, mana madai yana muda wake kisheria na ukipita mlango unafungwa hata kama haki ni yako kama mchana. Asie na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria, au atafute msaidizi wa sheria wa shehia yake.

Mwenye duka aliporudi kutoka Unguja neno lake la kwanza lilikuwa "ajali haina kinga, bibi, tushukuru uhai". Wazee wawili pale barazani wakaitikia. Mie nikamwambia kwa heshima zote, uhai tunaushukuru, na qadari tunaiamini, lakini huyu mama kazi yake ni mkono wa kulia, na kijana aliambiwa harufu. Akauliza "kwani mie nilikuwepo?" Nikamsimulia lori la petroli la 1942. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kumkata kijana mshahara. Kisheria tajiri aliyelipa anaweza kumgeukia aliyekosea, kuna kesi ya 1957 ya Uingereza iliyosema hivo, dereva alimgonga baba yake mwenyewe kwa lori la kampuni, lakini nilimuomba asifanye, kijana analipwa kidogo na hakuna aliemfundisha kufunga gesi.

Tulimaliza kwa sheha, kwa maandishi. Gharama za spitali zote, nauli za kwenda kubadilisha bandeji, na pesa za siku alizokuwa hakaangi, tulizihesabu kwa daftari lake la mauzo, na bahati njema alikuwa anaandika kila jioni. Karatasi ya kwanza waliyoileta ilikuwa na sentensi moja chini kabisa, kwamba hatodai tena chochote kwa jambo hili popote. Nikaomba iandikwe upya, mana daktari alikuwa hajasema kama vidole viwili vitakunjika sawa. Ikaandikwa kuwa vidole vimebaki wazi mpaka daktari aseme. Bi mkubwa akatia saini kwa mkono wa kushoto.